Nyeusi Inayotoka

Mshindo alikuja na Fuso la watu
saa kumi na mbili kasoro, Tabata bado haijakohoa,
akazima injini mbele ya banda langu,
akasema kwa sauti ya mtu anayenunua kitu cha aibu dukani:
"Fundi, nataka nyeusi. Lakini nyeusi inayotoka."

Tajiri wake, Mzee Mgaza, yuko India kwa ajili ya goti.
Siku tisa, labda kumi.
Na nikeli ya lori lile, jamani!
Bampa, shoo, masikio ya vioo, rimu zote sita,
Mzee huzifuta kwa kanga ya marehemu mkewe
kila Ijumaa kabla ya swala,
mpaka ukijitazama humo unajiona umenenepa.

Sikuuliza. Mimi napuliza, sihukumu.

Nikasugua rimu kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu,
nikafuta kwa spiriti hadi kitambaa kikarudi cheupe.
Kisha nikachomeka karata kati ya mpira na chuma,
moja baada ya moja, duara zima:
ree ya kopa, saba ya uru, mzungu wa shupaza,
wamekaa kama wageni waliozunguka sinia.

Rangi hii ya mpira ina siri moja, nayo ni unene.
Watu hudhani nyembamba ndiyo itakayotoka upesi.
Wapi!
Koti moja hung'ang'ania kama deni la duka;
makoti matano huvuka kama soksi.
Puliza. Ngoja. Gusa kwa kidole cha mwisho.
Puliza. Na hewa ya Dar mwezi wa nne
imelowa, haina haraka na mtu.

Tairi la nyuma kushoto nililifikia
mawingu yameshakaa juu ya Segerea.
Nikalipiga makoti mawili tu.
Nakiri hapa kwenye karatasi.
Pale sikukiri.

Jioni akalizunguka mara tatu, kimya,
kisha akalipeleka Mbagala kwa wajomba wa Sikujua.
Wakaligongagonga bampa kama wanachagua tikiti.
"Mbona limejaa weusi?"
"Kung'aa ni majivuno," akajibu, "na mimi ndiyo naanza."
*Mimi ndiyo naanza.* Hakusema langu.
Hakusema si langu.

Usiku wa nane simu ikaita: Mzee anatua kesho.
Tukabandua kwa mwanga wa simu, mimi na yeye.
Ukucha pembeni, kisha vuta, taratibu,
sauti yake kama mtu anayechana barua yenye unyevu.
Bampa lilitoka zima,
na kila mbonyeo wa ajali ya Chalinze umo ndani yake.
Mshindo akalishika mikono miwili, hajui aliweke wapi.

Lakini lile la nyuma kushoto!
Lilitoka punje punje, kama ukoko.
Tukachokonoa kwa kijiti, tukapangusa kwa petroli,
alfajiri ikatukuta magotini,
na nati moja ikagoma.

Ijumaa Mzee akashuka na gongo lake na kanga yake.
Akafuta mbele, akafuta ubavu,
akafika pale. Akakwaruza kwa ukucha.
"Nini hiki?"
"Lami, Mzee. Barabara ya Kilwa wanatengeneza."
Mzee akanusa ukucha wake,
kwa muda mrefu, Mshindo anasema,
kuliko lami inavyostahili.
Kisha akaendelea kufuta.

Leo amekuja kunilipa elfu ishirini iliyobaki.
Wajomba wamepanga tarehe. Wanataka kuliona lori tena.
Ameliangalia bampa la mpira, nimelitundika msumarini,
limejikunja kama ngozi ya nyoka asiyejulikana alikokwenda.
"Fundi, hili haliwezi kurudishwa?"

Nimemwambia, iliyobanduka haivaliki.
Makopo sita mapya, na kutwa nzima ya jua.
Jua linapatikana.
Ila Mzee, goti limepona,
hana safari tena.